KIPIMO NA SABABU YAKE



Sisi watu wa milimani twajua kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Hapa Kisii mjini, kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kwenye futi 41,000 haibaki hata robo. Mabawa na injini za ndege hutegemea hewa hiyo, ndiyo maana kila ndege ina kipimo cha kimo.

Tarehe 14 Oktoba 2004, huko Marekani, ndege ndogo ya CRJ200 ya shirika la Pinnacle ilikuwa ikipelekwa usiku kutoka Little Rock kwenda Minneapolis, haina abiria. Marubani wawili waliipandisha hadi futi 41,000, mwisho wa kipimo chake, kwa kujifurahisha tu. Kasi ilizidi kupungua. Usukani ukatikisika kuwaonya, ndege ikaporomoka, na injini zote mbili zikazimika. Walipojaribu kuziwasha zilikataa, na marubani walichelewa kuwaambia waongozaji wa ndege ukweli wote. Walikufa wote wawili karibu na Jefferson City.

Mwaka 2007 Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliwalaumu marubani kwanza, na ilikuwa haki. Lakini ilisema pia kwamba vitabu vya ndege havikuwaeleza marubani kwamba injini zikizimika lazima kasi itunzwe, la sivyo sehemu za ndani hushikana zisizunguke tena.

Jambo hili latuhusu. Katika reli, mzigo wa treni hupimwa kwa mlima itakaoupanda, na ya Kisumu hupanda Mau. Katika viwanda vya chai vya Nyamira, boila ina kipimo cha mvuke. Mtu akiambiwa “usizidishe” na basi, siku msimamizi hayupo atajaribu. Akijua kitakachomkuta, ataogopa.

Kwa hiyo twasema mawili. Mfanya kazi asicheze na kipimo, hata kama gari ni tupu na hakuna amwonaye. Naye mwajiri aeleze sababu ya kila kipimo, kwa lugha tunayoifahamu, kabla ya kumkabidhi mtu mtambo.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama alete vipimo vya kazini kwake ambavyo hajaelezwa sababu yake. Tutavipeleka kwa waajiri, na tutadai majibu kwa maandishi.