Nani Amefagia?

Mwezi wa 6 mwenzangu mmoja wa lisansi alikuja kwetu Katuba ili tusome fonolojia pamoja. Alikaa chini ya mwembe, akatazama uwanja wenye michirizi ya ufagio, akanywa chai polepole. Kisha akasema: "Kwenu kuna utulivu kama kwa watawa. Ningekuwa na lupango kama huu, kazi yangu ya mwisho ningeimaliza kwa mwezi mmoja." Nilifurahi sana. Nikaanza hata kumfundisha: sisi asubuhi hatufungui redio, tunasalimiana kwanza, kila kitu kina saa yake. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapita na bidoni ya maji kichwani. Akasema bila kusimama: "Yaya, mwambie aje saa 11 alfajiri aone utulivu unavyopikwa."

Mwenzangu alicheka. Mimi nilikosa la kusema, kwa sababu saa 11 mimi huwa nimelala.

Siku hizi wanafunzi wengi tunapenda kuzungumza juu ya amani ya nyumbani. Mji una kelele: baa upande huu, maombi ya usiku upande ule, na jenereta za majirani kila umeme unapokatika. Ni haki mtu kutafuta pahali pa kutuliza kichwa. Tunapeana mashauri: zima simu, amka mapema, kunywa chai bila haraka, safisha chumba, tafakari. Mashauri hayo ni mazuri, wala siyakatai. Lakini swali moja halimo ndani yake: hiyo chai, nani ameipika?

Sisi watu wa isimu tungepaswa kuliona swali hilo kabla ya wengine. Sikiliza nyumba inavyosimuliwa asubuhi: moto umewaka, maji yamechemka, chai imeiva, uwanja umekauka, nyumba imetulia. Vitenzi vyote hivyo vinasimama bila mtendaji. Hauwezi kusema "maji yamechemka na dada". Ukitaka kumtaja dada, lazima ubadilishe kitenzi chenyewe, useme "yamechemshwa". Sisemi kwamba sarufi ina hatia. Lugha nyingi zina njia hiyo. Nasema tu kwamba katika nyumba yetu tuliizoea njia hiyo mno, hadi tukaanza kuamini kwamba maji yanajichemsha.

Nilikumbuka pia maandishi tuliyoyasoma darasani, yale ya "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 na kutolewa na Johannes Fabian mwaka 1990. Yaliandikwa kwa Kiswahili cha mji huu kwa niaba ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Sisi wasomaji wa leo tunashangaa kwamba historia ya mji inasimuliwa na wale walioitwa maboyi. Tulijadili saa nzima juu ya heshima waliyonyimwa. Halafu nilirudi nyumbani, nikakuta sahani imefunikwa, nikala.

Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa Taifa unamngoja. Nilipomuuliza, jioni ya siku ile, kwa nini alama zake za hesabu zimeshuka, alijibu kwamba hesabu ni saa ya kwanza, naye anafika shule wakati mwalimu ameshajaza ubao. Hakulia, hakunilaumu. Alikuwa anachambua sombe.

Basi nikachukua ufagio na mbabula. Juma la kwanza lilikuwa la aibu. Mama alidhani nimegombana na dada. Majirani waliniita bwana harusi. Makala yalinishinda; nilijaza moshi mpaka ndani ya chumba cha nkambo. (Katika gazeti hili "makala" ni maandishi, kwetu nyumbani ni ya kuwashia moto. Hadi sasa naandika ya kwanza vizuri kuliko ninavyowasha ya pili.)

Lakini nilipata jambo ambalo sikulitafuta. Wakati wa kiangazi alfajiri ni baridi, vumbi jekundu limelala, na ufagio una mwendo wake. Kichwa kinatulia kweli. Nkambo anaamka mapema kuliko wote. Yeye ni mtu wa Sakania, na akili yake siku hizi inapotea kidogo. Mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu baba. Namsalimu kwa Kibemba, "Mwashibukeni", kwa wingi wa heshima, yaani namuuliza kama ameamka. Anaitika, anauliza juu ya usingizi wangu, juu ya baridi, juu ya mama. Malinowski aliandika mwaka 1923 juu ya maneno ya namna hiyo, ambayo hayaleti habari bali yanafunga watu pamoja. Nilikuwa nimeyaandika hayo katika mtihani nikapata alama nzuri. Sikuwa nimeyafanya nyumbani, maana saa ya salamu hizo ilikuwa ya mdogo wangu peke yake. Baada ya salamu nkambo hanichanganyi tena na baba, angalau hadi saa sita.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wale wanaosema kazi hizi ni mzigo tu. Kuna amani ndani yake. Ila aliyechagua ufagio na aliyepewa ufagio hawapati amani ile ile, na wenzangu wanaume wa kitivo hiki wanaosifu nyumba tulivu wajiulize ni nani kwao anayekosa saa ya kwanza.

Mdogo wangu sasa anafika shule kabla ya kengele. Jana alirudisha mtihani mdogo wa hesabu, 11 juu ya 20. Alinionyesha, kisha akaniambia uwanja nimeufagia vibaya upande wa choo.