Kuvu ya viyoyozi haiondoki kwa taa peke yake

Kila masika yanaporudi katika visiwa vyetu, hurudi pamoja nayo malalamiko yale yale juu ya uvundo unaotoka katika viyoyozi. Mtu huwasha mashine yake baada ya kuizima siku mbili tatu, ikampuzia usoni harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Na akichungulia ndani huona madoa meusi yamejipanga juu ya feni na juu ya mapezi ya plastiki. Hiyo ni kuvu. Na kwa kuwa kila tabu ina mfanyabiashara wake, ipo hivi sasa taa inayouzwa kuwa ndiyo dawa yake: taa ndogo ya miale ya urujuanimno, hubandikwa ndani ya kiyoyozi, nayo hudaiwa kuua kuvu yote na vijidudu vyote, na kumwondolea mwenye nyumba kazi ya kuiosha mashine yake.

Gazeti hili haliipingi sayansi ya taa hizo. Tunachokipinga ni ile ahadi ya mwisho.

Miale ya urujuanimno ni ile iliyo nje ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuiona. Nguvu yake si uzushi wa wauza maduka. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kuzaana. Na mwaka 1903 Niels Finsen, mtu wa visiwani kama sisi, kwani alizaliwa katika visiwa vya Faroe, alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Taa zinazotumika zaidi kwa kazi hii zina mvuke wa zebaki ndani yake, na hutoa miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ambayo huharibu chembe za urithi za kijidudu hata kisiweze kuzaana tena.

Wala si kweli kwamba taa hizi hazijapata kufaa katika mitambo ya kupozea hewa. Mwaka 2003 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika majengo matatu ya ofisi mjini Montreal, Kanada, kwa wafanyakazi 771. Taa ziliwekwa zikazimulika koili na trei za maji, kisha zikawa zinazimwa na kuwashwa kwa zamu, wafanyakazi wenyewe wasijue ni lini zinawaka. Katika sehemu zilizomulikwa vijidudu vilipungua kwa asilimia 99, na malalamiko ya wafanyakazi juu ya afya zao yakapungua kwa kiasi cha moja ya tano. Hayo ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini msomaji na aangalie ni mitambo gani iliyotumika. Ilikuwa mitambo mikubwa ya jengo zima, ambayo koili zake zimefungiwa mbali na watu, na taa zake zilipangwa na wahandisi. Kiyoyozi kinachoning'inia juu ya kitanda cha mtoto, Kikwajuni au Chake Chake, ni kitu kingine kabisa.

Hapana budi kwanza kufahamu kuvu hiyo inatoka wapi. Hewa yetu ya masika, ikiwa na nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 80, huanza kudondosha maji mara tu inapogusa kitu chenye nyuzijoto 24. Koili ya kiyoyozi huwa baridi zaidi ya hapo kwa mbali sana, kwa hiyo muda wote mashine inapofanya kazi koili hiyo hutota kama majani yenye umande wa alfajiri. Maji huteremka katika trei, yakatoka nje kwa bomba. Pale ambapo bomba limeziba, au mashine imefungwa bila ya mteremko, maji husimama. Vumbi la chumbani likichanganyika nayo huwa chakula. Na giza lililomo ndani humaliza lililobaki. Kuvu haihitaji zaidi ya hayo. Mashine ya kwanza ya namna hii, ile aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, haikutengenezwa ili watu waburudike. Ilitengenezwa ili kupunguza unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. (Sisi tunaochapisha magazeti tunalikumbuka hilo kwa shukrani.) Kukamata maji ndiyo kazi yake ya asili, na mwenye kuyasahau maji hayo ameisahau mashine yenyewe.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa watu wa karafuu. Hakuna mkulima wa Pemba atakayefunga karafuu mbichi ndani ya gunia, akatia taa ghalani, kisha akatumai kwamba atazipeleka ZSTC zikapata daraja la kwanza. Huzitandaza juu ya majamvi, akazigeuza, akaziangalia mawingu yanapokusanyika, kwa sababu anajua kwamba adui yake ni maji. Wapo watakaosema kwamba jua hilo hilo lina urujuanimno. Ni kweli, lakini miale ya nanomita 254 haitufikii ardhini, kwani tabaka la ozoni huizuia huko juu. Jua letu huishinda kuvu zaidi kwa kukausha.

Turudi kwenye taa ya dukani. Miale yake huenda moja kwa moja kama mshale, haikunji kona. Katika kiyoyozi cha ukutani mahali penye kuvu nyingi kuliko kwengine ni feni ile ndefu ya mviringo, yenye makumi ya mapezi membamba ambayo kila moja humtilia kivuli mwenziwe. Taa ya urefu wa kidole haiwezi kuyafikia. Haipenyi uchafu uliogandamana. Kuvu nyeusi kama Aspergillus niger ina rangi inayoikinga, hata huhitaji miale mingi mara nyingi kuliko bakteria wa kawaida. Na hata ikifa, mizoga yake hubaki pale pale, ikaendelea kupeperushwa chumbani na kumsumbua mwenye pumu au mwenye mzio, kwani kifua cha mgonjwa hakitofautishi baina ya kuvu hai na kuvu iliyokufa. Taa huua tu. Kuondoa uchafu ni kazi ya maji, sabuni na mikono ya fundi.

Zaidi ya hayo, taa hizo zina madhara yake. Miale ikitoka nje kupitia mdomo wa kiyoyozi ikampiga mtu machoni, baada ya saa chache macho humwasha kana kwamba yamejaa mchanga, maumivu yale yale wanayoyajua mafundi wa kuchomelea vyuma. Plastiki iliyo karibu nayo hukauka na kupasuka. Baadhi ya taa hutoa pia gesi ya ozoni, ambayo huchoma mapafu, na muuzaji huisifia harufu yake kuwa ndiyo harufu ya usafi! Nyengine hazina urujuanimno wa kuua kijidudu chochote, bali ni taa za rangi ya zambarau tu, na mnunuzi hana njia ya kujua, maana miale yenyewe haionekani. Hata ile taa ya kweli hupungua nguvu baada ya saa 9,000 hivi, yaani karibu mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, ilhali mwanga wake wa buluu huendelea kung'ara na kumdanganya mwenyewe.

Na umeme ukikatika je? Visiwa hivi havijasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme, wala miezi karibu mitatu iliyoanzia Disemba 2009. Hata katizo la saa sita linatosha kwa mfano wetu: koili imebaki imetota, feni imesimama, na taa nayo imezimika.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake juu ya unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009 halikuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama; lilisema unyevu wenyewe ndio uzuiliwe. Kwa mwananchi wa kawaida hilo lina maana nyepesi. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili. Mashine ifunguliwe na kuoshwa na fundi anayeijua, koili, feni na trei, si kupulizwa manukato. Bomba la maji liangaliwe. Kabla ya kuzima, feni iachwe izunguke peke yake kitambo ili koili ikauke. Na ile desturi ya kushusha rimoti mpaka nyuzijoto 16 haifai. Chumba chenye ubaridi wa namna hiyo hugeuka koili kwa ukamilifu wake, na kila mlango unapofunguliwa hewa ya nje huingia na kulowesha kuta, makabati na nguo. Nyuzijoto 25 au 26 pamoja na pangaboi zinamtosha mtu kulala. Tusisahau pia kwamba mashine kubwa kuliko chumba hupoza upesi ikajizima kabla haijakamata unyevu, kwa hiyo anayejisifu kwa ukubwa wa kiyoyozi chake mara nyingi amejinunulia kuvu.

Mengine hayamo katika uwezo wa mwananchi. Taasisi ya Viwango Zanzibar inayo haki ya kutaka kila taa ya aina hii inayoingia bandarini ionyeshe urefu wa wimbi wake, kama inatoa ozoni au haitoi, na inapaswa kubadilishwa baada ya saa ngapi. Isiyoonyesha irudi ilikotoka. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ingefanya jambo jema kama ingetilia mkazo uoshaji katika mafunzo ya mafundi wa viyoyozi, kwani fundi anayejua kujaza gesi tu hajakamilika. Taa zilizokufa zina zebaki, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaohusu madini hayo. Kuziacha zivunjwe jaani na watoto waokota vyuma ni kinyume cha tuliyoyakubali. Hospitali kuu na majengo yenye mitambo ya pamoja yanaweza kunufaika na taa hizo, zikiwekwa na wahandisi na zikiangaliwa kila mwaka, na hapo sisi tutakuwa wa mwanzo kuziunga mkono.

Lakini maofisa wanaoandaa zabuni za viyoyozi vya wizara, skuli na vituo vya afya tunawaomba jambo moja mahsusi. Pasinunuliwe mashine yoyote kwa fedha za umma ila pamoja nayo uwepo mkataba wa kuioshwa, wenye tarehe na wenye jina la anayewajibika. Masika huanza Machi. Koili zinafaa kufunguliwa na kuoshwa Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na fundi anaweza kuianika mashine nje siku nzima bila ya kuangalia mawingu.