Umemeza ama Hujameza?

Hebu jiulize: unaweza kuapa kwamba asubuhi ya leo umemeza dawa zako? Sikuulizi kama una mazoea ya kuzimeza. Nauliza kuhusu leo. Aghalabu mtu anayemeza tembe kila siku hukumbuka kikombe cha maji, kisha asijue kilikuwa cha leo ama cha jana.

Jumapili moja mama yangu, ambaye ana kisukari, alimeza tembe zake pamoja na chai. Muda si muda mjukuu wake wa kidato cha pili akamletea zilezile. "Nyanya, dawa zako hizi." Mama akadhani amesahau, akazimeza tena. Katikati ya mahubiri akaanza kutokwa na jasho, mikono ikamtetemeka, maneno yakawa hayaeleweki. Muuguzi aliyeketi nyuma yetu alitambua mara moja kwamba sukari imeshuka, akaagiza soda kutoka kioskini. Bahati nzuri mama aliweza bado kumeza, kwa maana aliyezirai hatiliwi kitu kinywani. Hata hivyo alilazwa usiku huo, kwani baadhi ya tembe hizo huendelea kuteremsha sukari kwa saa nyingi.

Mama alimlaumu mtoto. Mimi nazilaumu zile bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa "1x2" kwa kalamu. Bahasha hukwambia umeze ngapi, lakini haiwezi kukwambia kama umekwisha kumeza.

Ndipo tukanunua kisanduku cha plastiki chenye vyumba 14: siku saba, asubuhi na jioni. Chumba kikiwa kitupu, dawa imemezwa. Kikiwa kimejaa, haijamezwa. Ubishi kwisha! Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1962 mhandisi mmoja wa Illinois, Marekani, David Wagner, aliomba hataza ya kibweta cha tembe za kupanga uzazi kilichoonyesha siku, baada ya yeye na mkewe kuchoshwa na swali hilihili.

Herufi za vifuniko zilitutatiza, kwa kuwa ni za Kiingereza na zina S mbili na T mbili. Tulipotaka kuandika zetu tukagundua kwamba siku tano za Kiswahili huanza na J! Basi tukabandika majina kamili.

Kazi ya kujaza mpe mtu mmoja tu, si kila anayepita jikoni. Ajaze siku moja ya juma, mezani penye mwangaza, redio ikiwa imezimwa, huku akisoma maagizo ya kila dawa. Bahasha na pakiti asizitupe, maana daktari atataka kuziona, na tembe zikishachanganyika nyingi hufanana.

Lakini kabla ya kumimina kila kitu humo, muulize mfamasia. Tembe za maumivu ya moyo zinazowekwa chini ya ulimi hukaa katika chupa yake yenyewe. Nyingine huharibiwa na unyevu zikitolewa kwenye karatasi yake. Zaidi ya yote, jihadhari na dawa za mara moja kwa juma, kama vile methotreksati wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Hiyo iwe katika chumba kimoja tu, na siku yake ijulikane na nyumba nzima.

Je, ukikuta chumba cha jana kimejaa? Usimeze za jana na za leo kwa pamoja ili kufidia. Piga simu ulikopewa dawa, uulize. Na ikiwa una watoto wadogo, kisanduku kikae juu kabatini, kwani vifuniko vingi hufunguka kwa kidole tu, na tembe moja ya kisukari yaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Yule mjukuu sasa ndiye mjazaji wetu, kila Jumamosi jioni. Mama alinuna majuma mawili, akidai tunamfanya mtoto. Siku hizi nikimpigia simu kumuuliza kama amemeza, hajitetei tena. Nasikia kifuniko kikifunguka, kisha ananiambia, "Njoo utazame mwenyewe."