Mada Zimelala Zahanati

Mwanafunzi wa udaktari Dar es Salaam akitafuta mada ya utafiti, aghalabu huishia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Simlaumu. Msimamizi yuko huko, mafaili yako huko, na wodini anafika kwa miguu. Ila mgonjwa wa kawaida wa jiji hili hafiki Muhimbili. Anaishi Mbagala au Bunju, ana presha, na aliyemwona mara ya mwisho ni tabibu wa zahanati.

Temeke peke yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022. Ingia zahanati yoyote ya huko, uombe Kitabu namba 5 cha MTUHA, ile rejista kubwa ya wagonjwa wa nje. Kila mgonjwa ana mstari wake: jina, umri, mtaa anakotoka, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi mistari hujumlishwa, takwimu zikapanda manispaa, kitabu kikarudi mezani. Jumla ile inakwambia wangapi wamekutwa na presha. Haikwambii kama yule mama wa Januari alirudi Februari, au vidonge vilimwishia akajinyamazia. Hilo ndilo swali la daktari wa familia, na mwanafunzi anaweza kulifuatilia akiwa na daftari, kibali cha maadili na wiki chache za fildi.

Wapo wanaouona utafiti wa namna hii kuwa mdogo. Lakini mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa, wote wagonjwa wa nje wa Dar es Salaam na Ifakara, walipimwa kwa kina. Matokeo yalipochapishwa 2014, yalionyesha malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi; zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na virusi ndivyo vilivyotawala. Wodini hilo lisingeonekana. Mtoto wa mafua halazwi.

Wanaotetea hospitali kubwa wana hoja: kitabu cha zahanati kina matundu. Foleni ikirefuka, safu zinarukwa, na kila tumbo la chini linalouma linaandikwa UTI. (Hiyo nayo ni mada.) Kinachonisumbua mimi zaidi ni msimamizi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kufundisha mabingwa wa tiba ya familia jijini mwaka 2004, lakini hadi leo ni wachache, na bingwa mwenye kliniki Upanga hana nafasi ya kumfuata mwanafunzi Chamazi.

Tukiwasubiri mabingwa waongezeke, tutasubiri sana. Mradi wa kufuatilia kaya za Ukonga na Gongo la Mboto, ulioanza 2011 na kugusa wakazi zaidi ya 100,000, ulishaonyesha kuwa pembezoni mwa jiji panatafitika, mlango kwa mlango. Vyuo vimpe mganga mfawidhi wa zahanati usimamizi mwenza, jina lake liwe kwenye ripoti na posho yake iwe kwenye bajeti. Matokeo nayo yarudi kwake kabla hayajafungiwa maktaba.

Nawe mwanafunzi, kabla hujaandika Muhimbili kwenye nafasi ya eneo la utafiti, panda daladala la Mbagala Rangi Tatu, ukamuulize mganga mfawidhi ni kitu gani kinamkosesha usingizi.