Skuli Mpya, Mipaka Mipya: Tumtangulize Nani?



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda kuyatafakari pamoja nanyi mazungumzo yanayosikika katika mabaraza ya Mji Mkongwe, katika daladala za Fuoni na Bububu, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Ni mazungumzo juu ya skuli za msingi. Katika miaka ya karibuni zimejengwa skuli nyingi za ghorofa hapa Unguja, na kila inapofunguliwa moja huzuka maswali mawili. Watoto wa shehia ipi wahamishiwe huko, na wa ipi wabaki walipo? Na gharama zote hizi mwishowe atazilipa nani?

Wapo wanaosema kwamba maswali hayo ni ya Serikali, na kwamba Kanisa libaki na sala zake. Hatukubaliani nao. Watoto wengi wa parokia zetu wanasoma katika skuli hizo hizo, pamoja na watoto wa majirani zetu Waislamu, ambao ndio walio wengi visiwani. Isitoshe, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba dola ina wajibu wa kuwagawia wananchi wote nafasi ya elimu kwa haki. Mahali palipo na neno "kugawa" na neno "haki", mkristo hana ruhusa ya kukaa pembeni.

Tuanze na hali ilivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 893,169. Takriban watu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, katika mkoa wenye kilomita za mraba 230 tu. Karibu nusu ya Wazanzibari wote sasa wanaishi hapo. Mashamba ya minazi ya jana ndiyo mitaa ya leo, na skuli hazikuweza kuongezeka kwa mwendo huo. Ndiyo maana tumezoea mikondo miwili: mmoja wa asubuhi, mwingine wa mchana. Mtoto wa mkondo wa mchana huanza kusoma jua likiwa la utosi, na hurejea nyumbani likielekea kuzama. Serikali imekwisha kutangaza kwamba inataka kufikia mkondo mmoja, na darasa lisilozidi wanafunzi 45. Lengo hilo ni jema. Lakini haliwezi kufikiwa bila kuwahamisha watoto, na watoto hawahamishwi bila mtu kuchora mpaka.

Tukumbuke basi kwamba mipaka ya skuli si jambo geni katika visiwa hivi. Kabla ya mwaka 1964 palikuwa na skuli za serikali, skuli za misheni, zikiwamo zetu, na skuli za jumuiya mbalimbali za Kihindi. Mara nyingi mtoto alifuata mlango uliolingana na asili yake, dini yake, au mfuko wa baba yake. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo kwa wote, na skuli za misheni na za jumuiya zikachukuliwa. Wako wazee wetu ambao jambo hilo liliwauma, nasi hatuwadharau. Hata hivyo tuseme ukweli: mpaka unaofuata shehia, unaomchukua kila mtoto aishiye upande huu wa barabara, awe wa kabila gani au dini gani, ni bora kuliko mpaka uliofuata asili ya watu. Tusiurudishe ule wa zamani kwa mlango wa nyuma.

Twasema hivyo kwa sababu mzazi asemapo, "Skuli hii ni yetu," yafaa tumsikilize vizuri ana maana gani. Mara nyingi ana maana njema. Anaijua njia, anamjua mwalimu, analijua duka ambalo mwanawe atapewa maji ya kunywa akipatwa na kiu. Mama anayekataa mtoto wa Darasa la Kwanza avuke barabara kuu mara mbili kwa siku si mkorofi, bali anatimiza wajibu wake. Lakini zipo nyakati ambapo "yetu" maana yake ni "si ya wale waliokuja juzi", yaani waliohamia kutoka Bara, kutoka Pemba, au kutoka shamba. Wakatoliki wengi wa visiwa hivi ni wageni au watoto wa wageni. Tunaijua ladha ya neno hilo. Haitupasi kulitumia dhidi ya mtoto wa mwingine.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinatusimulia ugomvi wa kwanza wa mgawanyo katika Kanisa. Wajane wa waamini waliosema Kigiriki walisahauliwa katika huduma ya chakula ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Tazameni Mitume walivyofanya. Hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliwaita wote, wakaacha jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo. Na majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kigiriki. Inaonekana waliokabidhiwa kugawa walitoka miongoni mwa wale waliosahauliwa.

Hapo tunapata kanuni moja tunayotaka kuiweka mbele yenu juma hili. Mpaka wowote utamsumbua mtu fulani, hakuna namna ya kuliepuka hilo. Basi ukibidi kumsumbua mtu, umsumbue kwanza yule mwenye uwezo wa kustahimili, na umtangulize yule ambaye hana sauti katika mkutano.

Kwa vitendo, maana yake ni hii. Mtoto mdogo asome karibu, na mkubwa ndiye aende mbali. Ndugu wa nyumba moja wasitawanywe katika skuli tatu. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu apangiwe darasa la chini, kwa kuwa ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya kubana nafasi humfungia nje asiyeweza kupanda ngazi. Saa za masomo nazo zipangwe kwa kusikilizana. Watoto wa majirani zetu huenda chuoni kusoma Kurani katika nusu ya siku ambayo hawako skuli, na mikondo ikibadilika, saa za chuo nazo hubadilika. Sisi tunaotaka watoto wetu wapate muda wa katekisimu tuwe wa kwanza kulielewa ombi lao.

Kanuni hiyo hiyo inahusu gharama. Mnamo Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha Tanzania dola za Marekani milioni 567.25 kukabiliana na athari za UVIKO-19. Zanzibar ilipata takriban shilingi bilioni 230, na sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa. Tunashukuru, maana mtoto anayekaa sakafuni hawezi kungoja mpaka tuwe matajiri. Lakini mkopo ni mkopo. Mtoto aliyeingia Darasa la Kwanza katika jengo hilo ndiye atakayekuwa mlipa kodi deni litakapodaiwa. Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, katikati ya kazi watu walimlilia kwamba wameweka rehani mashamba yao, na kwamba watoto wao wanatiwa utumwani kwa sababu ya madeni. Alikasirika, akawakemea wakubwa, akaagiza mali zirudishwe. Nehemia alijua kwamba ukuta uliojengwa juu ya migongo ya watoto wa maskini hauulindi mji.

Kwa hiyo tuulize gharama yote, si ya siku ya kukata utepe tu. Walimu wangapi watapelekwa? Maji yatafika ghorofa ya juu, na umeme wa pampu utalipwa na fungu gani? Vyoo vitasafishwa na nani? Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula nondo. Sote tunalikumbuka jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Jengo hudai matunzo kila mwaka, na matunzo yaliyoahirishwa hulipwa baadaye kwa bei iliyo ghali zaidi.

Wala pengo lisizibwe kwa kumrudia maskini kimyakimya. Michango ya wazazi katika skuli za msingi iliondolewa mwaka 2015. Mwenye uwezo akitaka kuisaidia skuli, Mungu ambariki. Lakini mchango wa hiari ambao majina ya wasiotoa yanasomwa mbele ya mkutano si wa hiari tena.

Neno la mwisho ni kwa wale miongoni mwetu wanaowasomesha watoto katika skuli za binafsi, zikiwamo za Kanisa. Hatuwalaumu, kwani mzazi ana haki ya kuchagua. Ila kitabu kile kile cha Nehemia kinataja watu wa Tekoa waliofanya kazi kwenye ukuta, na kinaeleza bila kuficha kwamba wakuu wao hawakuinamisha shingo zao katika kazi hiyo. Aliyemtoa mwanawe katika skuli ya mtaa hajatolewa katika mtaa. Mwalimu mstaafu, mhasibu, fundi mwashi, muuguzi: elimu yenu inahitajika katika kamati ya skuli iliyo jirani na nyumba yenu, hata kama mtoto wenu hupanda gari kila asubuhi kwenda kwingine.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye jambo moja. Sheha au mwalimu mkuu akiitisha mkutano wa wazazi, nendeni. Kabla ya kwenda, piteni katika nyumba tatu ambazo hazitafika: ya mama anayeuza samaki saa hizo, ya bibi anayelea wajukuu peke yake, na ya familia iliyohamia mwezi uliopita. Waulizeni wanaogopa nini, kisha mkaseme hilo kwanza, kabla ya kusema lenu.

Bwana wetu alimchukua mtoto, akamweka katikati ya wanafunzi waliokuwa wakibishana nani mkubwa kati yao. Atusaidie kumweka mtoto hapo hapo katikati tunapobishana juu ya mipaka na majengo. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.