Meli za vita za Ziwa Tanganyika: tudai plani, picha hazitoshi

Kijana anayetaka kutengeneza mfano wa meli ya vita, kitu kinachomsumbua kwanza si mbao wala kole. Ni plani. Akitafuta kwenye simu atapata picha nyingi za meli zilizochorwa upande mmoja, rangi kijivu, bendera juu. Zinapendeza kutazama, lakini hakuna fundi anayeweza kukata ubao kwa kuzifuata. Sisi wa mashariki mwa Kongo tuna sababu ya kudai makaratasi ya kweli, maana vita vya meli vilipiganwa hapa hapa, mbele ya Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915, boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilikamata boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Ilitengenezwa, ikapewa jina Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. (Toutou ni jina ambalo watoto wa Kifaransa humwitia mbwa. Mkubwa wa kikosi, Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko.) Boti hizo zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Fungurume, zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, kisha treni tena kuelekea ziwani. Waliokata pori na kujenga madaraja ili zipite walikuwa Waafrika. Majina ya maofisa yameandikwa, ya hao hatuyasomi popote.

Sasa tuseme kijana wa Kalemie anataka kutengeneza Mimi. Ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12 na kidogo, na upana wa futi 8. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mfano wake utakuwa na sentimita 61 kwa 12. Hesabu hiyo ni rahisi. Lakini urefu na upana havikuambii tumbo la boti limejipinda namna gani. Plani inayofaa huonyesha meli ikitazamwa upande, ikitazamwa kutoka juu, na zaidi ya yote mikato: umbo la tumbo hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma, kama mkate uliokatwa vipande. Bila mikato, fundi anakisia, na anachopata ni sanduku lenye ncha.

Jambo la pili ni mwaka. Hapo wengi hupotea, na mfano mzuri ni Graf von Goetzen, ile ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku kupitia Dar es Salaam, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka wa 1915. Ilipangwa kuwa meli ya abiria na mizigo. Mzinga wake mkubwa, wa sentimita 10.5, ulitoka kwenye Königsberg, meli ya vita iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Kwa hiyo ukipata plani ya kiwandani ya 1913, usitafute mzinga huo humo. Ukichukua plani ya Liemba ya leo, hiyo ni meli nyingine kabisa kwa juu: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na miaka ya 1970 mvuke uliondolewa ikawekewa mashine za mazutu. Asiyechagua mwaka kabla ya kuchagua plani atachanganya meli tatu ndani ya moja.

Kuna ukaguzi mwepesi kabla ya kulipa fotokopi. Goetzen ina karibu mita 71 kwa 10, maana yake urefu ni kama mara saba ya upana. Chukua rula, pima karatasi. Ikitoka mara tano au mara tisa, mtu aliupiga mchoro picha kwa pembeni, au mashine imeuvuta. Tupa.

Wengine watasema: watu wanakimbia vita, wewe unaleta habari za meli za kuchezea? Najibu kwamba meli hiyo si mchezo kwetu. Mwaka wa 1997 Liemba iliwarudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma. Wamo wasomaji wa ukurasa huu waliolala juu ya sakafu yake. Na mtoto aliyejifunza kusoma mikato ya meli ameshaanza kusoma plani ya nyumba na ya daraja.

Kiwanda cha Meyer bado kinafanya kazi Papenburg. Jumba la makumbusho la bahari la Greenwich, Uingereza, linatunza plani za meli zaidi ya milioni moja. Ubeleji ina makumbusho yake ya Tervuren na ya jeshi huko Brussels, na Wabeleji nao walikuwa na meli zao ziwani, kama Alexandre Delcommune. Jimbo la Tanganyika, kwa jina la shule zake na vyuo vyake, lina haki ya kuandika barua na kuomba nakala. Barua isiombe "picha za meli za zamani", maana itajibiwa kwa picha. Iandike jina la meli, mwaka unaotakiwa, mikato ya tumbo, na mstari wa kipimo uliochorwa ndani ya karatasi yenyewe, ili nakala ikipunguzwa au kuongezwa, kipimo kibadilike pamoja nayo. Nakala zikifika, ziwekwe Kalemie, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuingia na penseli bila kuombwa pesa ya mlangoni.