Akiba Tunayo, Nyumba Hatupewi



Sisi tulio viwandani na kwenye mashamba ya miwa na chai hapa Uganda tunaambiwa kila siku tuweke akiba. Tumeweka. Lakini mmoja wetu akienda benki kuomba mkopo wa nyumba, karani hatazami kitabu chake cha akiba. Anataka hati ya mshahara.

Tupige hesabu. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 40. Mwenzetu aliyejinyima miaka 20, akauza na ng'ombe, anazo milioni 25. Anaomba 15 tu. Riba ikiwa asilimia 16 kwa mwaka, riba peke yake ni shilingi 200,000 kila mwezi, yaani nusu ya mshahara wake wa 400,000, na deni lenyewe bado halijaguswa. Benki inakataa, na kwa hesabu hiyo hatuwezi kusema inamwonea.

Basi akiba yetu nyingine iko wapi? Iko NSSF. Sheria ya mwaka 2022 inamruhusu mwanachama aliyefika miaka 45, na aliyechangia miaka 10, kuchukua asilimia 20. Vema, ila katika umri huo benki inahesabu miaka michache iliyobaki kabla ya kustaafu! Kwa jirani zetu Kenya, tangu 2009, mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kuweka hadi asilimia 60 ya akiba yake iwe dhamana ya mkopo wa nyumba.

Tunataka chama chetu kidai haki kama hiyo hapa, tena kwa kijana wa miaka 30.